Maji Juu ya Mwamba

Ninayo picha moja ambayo kwa miaka mingi nilijivunia sana. Niliipiga mwaka 2012, ndiyo kwanza nimemaliza chuo, kwa kamera ya kuazima. Ni watu watatu wembamba kama mianzi, vichwa vyao vimeumuka kama vilivyosukwa mitindo ya nywele ambayo hatuijui tena, wamechorwa kwa rangi nyekundu kwenye mwamba kule Kolo, wilayani Kondoa. Nyekundu ile inawaka. Kila aliyeiona aliniuliza nimetumia kamera gani.

Sikumwambia mtu kwamba dakika moja kabla ya kubonyeza nilifungua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaumwagia mwamba. Aliyetuongoza alikuwa ametangulia na wenzangu. Mwamba mkavu ulikuwa na vumbi na michoro ilionekana kwa taabu, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa nusu. Mara maji yalipoteremka, wale watu wakatokea. Nilisisimka kwa kweli. Nikapiga picha sita, jua likakausha ule unyevu, nikawakimbilia wenzangu.

Baadaye nikaja kusoma kwamba hiyo ni mojawapo ya njia za uhakika za kuua mchoro wa mwambani. Maji huyeyusha chumvi zilizomo ndani ya jiwe, kisha yanapokauka huziacha juu, na kidogo kidogo unatengenezeka utando mweupe unaoifunika rangi. Mgeni mmoja na chupa moja pengine si kitu. Lakini kila mgeni ana chupa, na kila mmoja anadhani yake ndiyo hiyo moja.

Septemba mwaka jana nikarudi kuangalia.

Nilipanda treni ya SGR toka Dar es Salaam hadi Dodoma. Tangu ianze safari hizo katikati ya 2024 mambo yamebadilika. Unakunywa chai Dar, mchana unakula mishikaki Dodoma. Reli ya kwanza, ile ya Mjerumani, ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Dodoma ikafikiwa 1910. Kabla ya hapo Dodoma ilikuwa kijiji tu cha Wagogo. Hadithi ambayo kila mtoto wa hapa anaijua ni ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye matope, ndiyo chimbuko la jina lenyewe: mahali palipodidimia. Ni mji mkuu uliopewa jina la mnyama aliyekwama. Nilitamani nimpate tembo mwingine wa kupiga picha, lakini siku hizi pale mjini utakachokwama nacho ni foleni ya Area D.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa ananisubiri na Noah yake. Mama ni Mrangi wa Kondoa, na mjomba ameshika usukani wa magari ya aina zote katika barabara hiyo tangu ilipokuwa vumbi tupu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeleta hilo bomba tena?" Alikuwa anaitazama lenzi yangu ndefu.

Mpango wangu ulikuwa wa kawaida: siku nne barabarani, nipige wanyama, mandhari na alama za kihistoria, nipate habari ya kuuza. Alama za Dodoma mjini nilizimaliza asubuhi moja. Sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square, msikiti uliojengwa kwa fedha za Gaddafi, kilima cha mawe kinachouangalia mji. Nilipoinua kamera kuelekea jengo moja la serikali askari akanipungia mkono kwa upole kabisa kwamba hapana, na mimi nikaishusha kwa upole uleule. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, ramani kuu ya mwanzo ikachorwa na kampuni ya Toronto mwaka 1976, na wazo lake lilikuwa mji usio na majengo ya kutisha watu, mji wa vitongoji vya watembea kwa miguu. Sheria ya kuutambua rasmi ikaja 2018. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini mji huu ulikuwepo zaidi kwenye michoro kuliko ardhini, na ninakiri kwamba michoro ndiyo ilikuwa mizuri zaidi.

Tukaelekea kaskazini. Barabara ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati ni kipande cha ile njia kuu ya ndoto za wakoloni, toka Cape Town mpaka Cairo. Sasa ni lami safi. Kutoka mjini unakutana na mibuyu, kisha miiba, kisha mibuyu tena, na katikati yake mashamba ya uwele na alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Nilimwomba mjomba asimame kila baada ya kilomita chache. Wanyama wangu wa siku hiyo, niwataje wote: digidigi wawili waliokatiza barabara kabla sijafungua kifuniko cha lenzi, kanga kundi zima, nyani, pimbi juu ya jiwe, na hondohondo mmoja aliyekaa vizuri mpaka nikamwonea aibu. Basi.

Na hii ndiyo nchi ambayo misafara ya karne ya 19 iliiogopa, si kwa simba tu bali kwa gharama. Ukitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibidi ukatize Ugogo, maji ni machache, na visima vina wenyewe. Watemi wa Kigogo walidai hongo: nguo, shanga, waya wa shaba. Burton na Speke walilipa mwaka 1857, Stanley akalipa 1871, na wote waliandika wakilalamika. Wapenzi wa lugha, hili neno lina safari yake. Hongo ya wakati ule haikuwa rushwa, ilikuwa ada ya njia na ya maji, inatozwa hadharani na mwenye ardhi. Sisi tumeibakiza aibu yake tu. Nilimweleza mjomba, akacheka: "Kwa hiyo trafiki wangu wote walikuwa wanahistoria."

Kwenye picha za zamani bara hili la kati linapitwa tu. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1905 kitabu kilichowashangaza Wazungu kwa picha za simba na fisi zilizopigwa usiku kwa mwako wa baruti ya magnesiamu, alifanya kazi yake hasa kaskazini huko, pande za Umasaini. Jina la kitabu chake liliweka mwako wa kamera na bunduki pamoja bila haya yoyote, na simba wake aliwavuta kwa kuwafungia mnyama hai kama chambo. Walther Dobbertin, mpigapicha mwingine wa enzi ya Mjerumani, aliacha shehena ya picha za koloni lile ambazo leo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa lao. Nimekaa usiku mwingi nikizipekua mtandaoni. Mara nyingi maelezo ya picha za wakati ule hukupa kabila la mtu, kazi yake, mahali aliposimama. Jina hakuna. Ng'ombe wa maonyesho ya kilimo alipata maelezo marefu zaidi.

Kondoa tulifika saa nane mchana. Mji huu mdogo ulipiganiwa vibaya mwaka 1916. Jenerali van Deventer, Kaburu, aliuteka mwezi Aprili akitoka Arusha na askari wa farasi. Mvua za masika zikamfungia humo, farasi wake wakafa kwa wingi kwa maradhi na uchovu. Lettow-Vorbeck akaleta vikosi vyake kwa reli ya kati hadi Dodoma, wakapanda kwa miguu hadi huku, na usiku wa tarehe 9 Mei akashambulia. Akashindwa, akabaki akizunguka vilimani mpaka Juni, kisha akaondoka. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili ni nadra kuwaona pichani.

Kilichobaki cha vita hiyo ni dhahabu. Siyo dhahabu yenyewe, ni habari yake. Watu wengi huku wanaamini Mjerumani alipokimbia alifukia mali, na alipofukia aliacha alama kwenye mawe. Sasa fikiria: una milima iliyojaa mapango yenye alama nyekundu zisizoeleweka. Kuna watu wamechimba chini ya michoro ya maelfu ya miaka wakitafuta sanduku la mwaka 1916. Mashimo yao nimeyaona kwa macho yangu. Mjomba anasema anamfahamu mtu aliyeuza mbuzi wake wote kununua kifaa cha kutambua madini, na alichowahi kupata ni jembe.

Tulilala Kondoa. Jioni mjomba alinipeleka kwenye kilima akanionyesha upande wa milima ya Irangi, kijani kile kizito cha miti ya miyombo. "Piga hiyo," akasema. Nikapiga kwa adabu tu, maana mwanga ulikuwa umeshakufa na miti ni miti.

"Hujui unachopiga," akasema. "Mimi nikiwa mdogo pale palikuwa pekundu. Hakuna mti. Makorongo matupu, yanaweza kumeza basi."

Nilikuwa nikilijua hili vitabuni, sikuwa nimewahi kuliangalia. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walikuwa wakiupima katika nyanda hizi, wakisaidiwa na picha zilizopigwa toka angani. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ukafanyika uamuzi ambao sijui kama leo ungewezekana: mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, iondolewe katika eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Ikaondolewa. Nyasi zikarudi, kisha vichaka, kisha miti. Ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani waliruhusiwa baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mjomba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Anakumbuka rangi ya kila ng'ombe wa babu, na walivyokwenda kwa mguu hadi kwa ndugu upande wa nyikani, na kwamba babu alirudi peke yake akakaa wiki nzima bila kuongea vizuri. Sasa anaiangalia milima ile na kusema ni mizuri. Anasema pia kwamba alimpenda ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe jichoni. Hakuona kwamba la kwanza linafuta la pili, na mimi sikumuuliza anachagua lipi. Picha ya ng'ombe wale haipo. Picha ya babu mwenyewe ipo moja, ya kitambulisho, imeliwa na mende pembeni.

Nilirudi kuipiga tena ile milima asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwa uangalifu.

Kolo iko kilomita ishirini na kitu kaskazini mwa Kondoa, barabarani kabisa. Unaripoti kwenye ofisi ya mambo ya kale, unalipa, unapewa risiti na mwongozaji. Hongo halali, ya Kigogo. Kisha unaacha lami, unavuka mto wa mchanga, unapanda mpaka gari linakataa, halafu miguu. Juu kabisa, kwenye Mungomi wa Kolo, unageuka nyuma na unaona nyika ya Wamasai imelala chini yako mpaka macho yanachoka.

Na pale ndipo walipo wanyama niliowakosa njia nzima. Katika milima hii wamechorwa tembo, twiga, pofu, swala wa kila namna, wengine kwa mstari mwembamba kama uzi, mtu aliyechora alijua kabisa goti la twiga linavyokunja. Nimepiga picha Serengeti kwa lenzi ya mamilioni na sijawahi kupata mgongo wa pofu ulioshuka vile. Hii michoro myekundu ni ya wawindaji na wakusanyaji. Ile myeupe, minene, ya kupaka kwa kidole, ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. UNESCO, walipoiingiza Kondoa katika urithi wa dunia mwaka 2006, waliandika kwamba michoro hii inachukua muda usiopungua miaka elfu mbili, na kwamba maeneo yenyewe ni kati ya 150 na 450. Tofauti ya mia tatu! Yaani hata kuhesabu hatujamaliza. Nani hasa waliichora? Wasandawe, wanaoishi magharibi ya hapa na ambao lugha yao ina vidoko, ndio wanaotajwa zaidi. Eric ten Raa, aliyefanya utafiti kati yao, aliandika mwaka 1971 akiihusisha sanaa hii na maisha yao yaliyokuwa bado yanaendelea.

Aliyeitangaza zaidi ni Mary Leakey. Tunamjua kwa Olduvai na kwa nyayo za Laetoli, lakini mwaka 1951 alikaa miezi huku Kondoa na mumewe Louis, akinakili michoro kwa mkono: unaweka karatasi angavu juu ya mwamba, unafuatisha mstari kwa mstari. Nimewahi kujaribu kufuatisha mchoro mmoja tu, tena kutoka kwenye skrini, mkono ukaniuma kabla ya saa kuisha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, miaka thelathini na miwili baadaye, na jina lake linazungumzia sanaa ya Afrika inayotoweka. Wakati anafuatisha mistari ile mwaka 1951 alishajua anashindana na kitu.

Mwongozaji wangu, kijana wa makamo mwenye kofia ya Simba, alinieleza kwamba wazee wa Kirangi bado wanapanda pale kufanya tambiko la mvua. Huja na mnyama, huja na pombe. Kwa muda mrefu jambo hili liliwapa wahifadhi kizunguzungu, maana mafuta na pombe vikirukia ukutani vinaharibu rangi; lakini hiyohiyo hifadhi ya dunia imeipa Kondoa hadhi kwa sababu mbili, na mojawapo ni kwamba watu bado wanapatumia mahali pale kwa imani yao. Waliwahi kuwekewa uzio wa mbao na waya, na waya ule uligundua matumizi bora zaidi vijijini. Niliuliza kama naweza kuja kupiga picha za tambiko. Akanitazama kama vile nimeuliza kama naweza kuja kupiga picha za mtu akioga.

Kisha nikampa simu nikamwonyesha picha yangu ya mwaka 2012. Nikamwambia.

Hakunikemea. Alisema tu, "Ulimwaga kuanzia juu au katikati?" Nikasema katikati. Akanipeleka.

Wale watu watatu wapo. Mmoja, wa kushoto, yuko vilevile. Wawili wa kulia wamepauka kuanzia kiunoni kwenda chini, na kuna ukungu mweupe kama wa birika la chai lisilosuguliwa. Nilisimama pale na picha mkononi nikilinganisha, nikitafuta mpaka wa maji yangu kana kwamba yangeacha sahihi. Huenda ni mimi. Huenda ni mvua inayochuruzika kwenye ufa ule, ambao pia ninauona kwenye picha ya zamani. Huenda ni watu mia waliokuja kati ya 2012 na sasa. Mwongozaji alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wengine hutumia soda.

Nilichokuwa nimejia nacho ni kitu kingine. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alitengeneza programu iitwayo DStretch, inayochukua picha ya kawaida ya mwamba na kuzitenganisha rangi zake mpaka kile ambacho jicho halikioni kinajitokeza. Imetumika katika michoro ya mwambani dunia nzima, na siku hizi inaingia hata kwenye simu. Haihitaji tone la maji. Mwaka 2012 ilikuwa tayari ipo miaka saba. Mimi sikujua, na sikuuliza.

Nikapiga mwamba mkavu kama ulivyo, tukakaa kwenye kivuli, nikaiendesha. Skrini ikageuka rangi ya kichekesho, mwamba wa njano, michoro ya zambarau. Wale wawili waliopauka wakatokea na miguu yao kamili. Nyuma yao, mahali ambapo mimi niliona jiwe tupu mara zote mbili, kulikuwa na mgongo wa mnyama, mkubwa, unaelekea kushoto. Kichwa kimeishia kwenye ule utando.

"Pofu," nikasema.

"Tandala," akasema mwongozaji. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akairudisha. "Hapana, subiri. Mimi nimepita hapa miaka tisa."

Mjomba akaletewa simu naye atoe hukumu. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Ng'ombe," akasema.

Tulibishana hapo mpaka jua likahama. Mwongozaji akaniomba nimtumie picha ile ili awaonyeshe wenzake ofisini, na tukagundua mtandao haufiki mlimani. Nilimtumia jioni kutoka Bereko, ile ya kawaida na ile ya zambarau, na ya mwaka 2012 pia, nikaiandikia chini tarehe na kiasi cha maji.